Mizinga Iliyovikwa Bafta

Kundi langu bora la nyuki nililiua mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kanga nimejifunga kichwani na najiona mtaalamu. Niliwapulizia salfa. Ndiyo, salfa hii hii ya mikorosho, ule unga wa njano unaotuchoma macho kila mwaka mvua zikishakwisha. Mtu wa Tabora, kule kwenye nyuki na asali, asingelifanya kosa hilo hata kwa bahati mbaya. Lakini sisi wa Nachingwea na Ruangwa tumezaliwa na harufu ya salfa puani. Mkorosho ukiugua ubwiri, salfa. Maua yakinyauka, salfa. Mwulize mtoto yeyote wa huku dawa ya ugonjwa wa shambani, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Ruponda. Nashona sare za shule, madera, kanzu za watoto sikukuu zikikaribia, na mtu akifariki ni kwangu wanakokuja kuchukua bafta nyeupe ya sanda, maana siku zote ninayo. Nyuki ni kazi yangu ya pili, na nisiwe mnafiki, ndiyo ninayoipenda zaidi. Cherehani inanilisha, lakini haijawahi hata siku moja kunifanya niimbe njiani.

Mizinga yangu kumi na miwili ilikuwa imening'inia kwenye kipande cha msitu huko Nambilanje, upande wa Ruangwa, katika ardhi ya ukoo wetu. Kwetu ukoo ni wa mama, na mwenye kauli juu ya ardhi ni mjomba. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa marehemu mama, ndiye aliyeniruhusu kutundika mizinga pale katikati ya mitondoro, ile miti mirefu ya msituni, mahali ambapo shoka lilikuwa halijafika. Ni mzee mfupi, mkavu, mwenye mikorosho mingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akiuona mti usiozaa korosho huutazama kama mgeni aliyemaliza wiki nzima bila kushika jembe.

Mwaka ule, mikorosho ikianza kutoa maua, niliwakuta nyuki wakitambaa ardhini chini ya mizinga. Hawakuweza kuruka. Mabawa yao yalikuwa yamekunjamana, wengine wana vibutu tu. Nikainama. Macho yangu yamezoea kutafuta uzi mmoja uliofumuka kwenye gauni zima, kwa hiyo sikuchukua muda kukiona kidoa mgongoni mwa nyuki mmoja, karibu na shingo. Kilikuwa cha rangi ya kahawa, bapa, kidogo kuliko kichwa cha pini. Nikakigusa kwa ncha ya sindano nikidhani ni uchafu.

Kikatembea.

Mwili mzima ulinisisimka. Aliyefuga kuku anaujua utitiri, anajua jinsi unavyopanda mikononi na kukufanya ujikune hadi kesho yake. Huu ulikuwa utitiri wa nyuki. Nilifungua mzinga mmoja, nikafungua wa pili, na kila nilipotazama niliuona umewakalia mgongoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilimkuta uani kwake anafungua mashine ya kupulizia mikorosho, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo mjomba. Nyuki wameingiwa na utitiri."

"Marahaba. Utitiri wa kuku?"

"Wa kwao wenyewe."

"Salfa," alisema, hata macho hakuyainua. "Mpwa wangu, mie mikorosho yangu yapona kila mwaka. Hao nyuki ndo nini? Kitu cha kudondokewa unga tu, wapone."

Sasa mtu mwingine angeuliza, angesubiri, angelala na wazo lake. Mimi sina tabia hiyo. Nikajaza salfa kwenye kopo la maziwa nililolitoboa matundu, nikaenda kwenye mzinga uliokuwa na nyuki wengi kuliko yote, kwa sababu akili yangu iliniambia dawa ianze kwa mpendwa. Nikawanyunyizia juu ya masega, nikafunika, nikajipangusa mikono.

Mvumo ulibadilika pale pale. Ulipanda, ukawa mkali, kisha wakaanza kumwagika mlangoni wakiwa wa njano, wanapandana, wanadondoka. Walioweza kuruka walijikusanya kwenye tawi la jirani, na asubuhi ya pili hawakuwepo. Waliobaki niliwakuta wamelala sakafuni mwa mzinga, wamekauka. Nililamba asali kidogo kwenye sega moja na nikaitema. Ilikuwa na ladha ya kiberiti.

Nilikaa chini nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira nyingi ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe, ingawa kidogo nilimtengea mjomba.

Yeye alipokuja kutazama, alizunguka mzinga ule mara moja, akatikisa kichwa. "Wahenga wanasema fuata nyuki ule asali," alisema. "Wewe umefuata nyuki umekula salfa." Kisha akatazama juu, kwenye mitondoro, na nikajua kabla hajafungua mdomo anataka kusema nini. Alikuwa amekitamani kipande kile kwa miaka. Udongo wake mzuri, alisema. Miche ya korosho ingeshika upesi. Nyuki hawafai tena, wameshaugua, hata walio wazima watakufa, na yeye hawezi kuacha ardhi ya ukoo ikalala kwa ajili ya mizinga mitupu.

Nilimwambia mizinga haitakuwa mitupu.

"Haya," alisema. "Mie si mtu mbaya. Mpaka siku ya kurina, kabla mvua hazijaanza. Tukikuta asali, miti yako ibaki. Tukikuta mizinga mitupu, mashoka yaingia, na mvua ya kwanza inanikuta napanda."

Nilikubali. Na nikaapa mbele yake kwamba hakuna dawa ya dukani wala ya shambani itakayoingia tena ndani ya mzinga wangu. Ukoo mzima unajua nikiapa nakuwaje. Mama alikuwa akisema kichwa changu kingefaa kutwangia mtama.

Kiapo kilikuwa rahisi. Cha kufanya sikukijua.

Nilipanda pikipiki yangu hadi Ruangwa mjini kumwona bwana nyuki, afisa wa serikali wa ufugaji nyuki. Ni kijana wa Tabora, ameletwa huku na kazi, mcheshi kupita kiasi, na kwa maneno yake mwenyewe kwao mtoto huonja asali kabla ya maziwa. Nilimweleza kila kitu. Nilipofika kwenye salfa, aliweka kalamu mezani, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika.

"Bwana nyuki," nikamwambia, "nimekuja kutafuta dawa. Kama ni kuchekwa, ningebaki nyumbani, wa kunicheka wapo."

"Nisamehe mama," alisema akijifuta macho. "Ila kwetu ningesimulia hii, wangeniambia nimetunga. Sikiliza. Dawa sikupi. Zipo, lakini ukianza nazo utazitia kila mwaka, nyuki wazembe watabaki kwa nguvu ya dawa, na utitiri utakaopona ndio ule sugu. Nyuki wetu wanajua kupigana. Kazi yako ni kuwapunguzia adui, na kuacha kuwabeba walioshindwa."

Kesho yake alikuja Nambilanje. Alifungua mzinga, akainua sega moja akanionyesha vyumba vya majana, yale mabuu ya nyuki yaliyofungiwa kwa nta yakingoja kuwa nyuki kamili. Vyumba vya nyuki vibarua vilikuwa tambarare. Pembeni kulikuwa na vingine vikubwa, vimefura kama vifungo vya koti. Hivyo, alisema, ni vya madume. Akaniomba sindano. Ninayo siku zote, imechomekwa kwenye kola. Akafumua mfuniko wa chumba kimoja, akavuta buu jeupe, akaliweka kiganjani mwangu. Utitiri ulikuwa umelizunguka, watatu, wanne, wengine bado wadogo na weupe.

"Dume hukaa ndani amefungiwa siku nyingi kuliko kibarua," alisema. "Utitiri unalijua hilo. Unaingia kwa dume kwa sababu kule unapata muda wa kuzaa. Sasa wewe waache wajenge sega la madume, utitiri uingie wote kwa furaha zake, wafungiwe. Kabla hawajatoka, unakata sega lote unakwenda nalo. Wenyewe wamejifunga mtegoni."

Nilimpenda kijana yule kwa sentensi hiyo moja. Nilikuwa nimetafuta dawa ya kumwagia, kumbe ilikuwa kazi ya mkasi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kwenye kila mzinga nilitenga kiunzi kimoja, kile kijiti cha mbao ambacho nyuki huning'iniza sega lao, nikakiacha kitupu pembeni mwa majana. Wakajenga madume. Nikawa nahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani pale ninapoandikia oda za nguo, na siku zikitimia nilikwenda Nambilanje nikakata. Masega yale niliyarudisha Ruponda nikawatupia kuku, ambao walianza kunipokea njiani kwa mbio, jambo ambalo mume wangu anasema yeye hajawahi kunifanyia.

Bwana nyuki alinifundisha pia kuhesabu. Fundi seremala wa jirani alinitolea sakafu za mizinga, akapigilia wavu wa waya mdogo ambao nyuki hawapiti lakini utitiri ukianguka unapenya. Chini ya wavu panawekwa kitu cheupe kilichopakwa mafuta ya kula ili ule ulioanguka unate usipande tena. Kitu cheupe. Nilitazama dukani kwangu. Nina vitambaa vya kila rangi, lakini cheupe kabisa, kizito, kisicho na maua, nilikuwa na kimoja. Nikakata bafta vipande kumi na moja, nikavikunja pindo vizuri maana sijui kuacha kitambaa bila pindo, nikavifunga chini ya kila mzinga.

Baada ya siku tatu nilivifungua. Kitambaa cha mzinga mmoja kilikuwa kama kilichomwagiwa pilipili manga. Nilikaa nacho magotini, nikauhesabu utitiri kwa sindano mmoja mmoja, na nilipopita mia moja nikaacha kwa sababu nilianza kuona kizunguzungu.

Kukata madume pekee hakungetosha kwa mzinga kama ule. Hilo niliambiwa, na nililiona. Ndipo wazo la kuku likanijia, na hili ni langu mwenyewe, ingawa bwana nyuki aliponisikia alisema wapo wanaofanya hivyo tangu zamani. Kuku akisumbuliwa na utitiri hujigaragaza vumbini. Sisi tunamsaidia kwa kumwagia majivu. Unga laini unamfanya ajikung'ute, na utitiri unateleza hauna pa kushika. Nyuki hawezi kugaragara. Lakini je, ukimpaka unga ambao hata akiulamba ni chakula?

Nilichukua sukari nikaitia kwenye kinu, nikaanza kutwanga.

Ruponda mwanamke hatwangi sukari bila watu kutaka kujua kuna nini. Jirani yangu wa kwanza aliuliza ni posa ya nani. Wa pili alisema ni visheti vya maulidi, na kwa nini sikumwalika kuja kusaidia. Nilipowaambia ni ya nyuki, walitazamana. Wa pili akasema taratibu, kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa, "Shoga, nyuki ndio wanaotupa sisi tamu, si sisi kuwapelekea." Nikaendelea kutwanga. Nikaichekecha kwa kitambaa cha shifoni hadi ikawa laini kama poda ya mtoto.

Nilipoinyunyiza katikati ya masega, nyuki waligeuka weupe wote, wakanitazama (najua hawakunitazama, lakini ndivyo nilivyohisi) kama watu waliomwagiwa unga na mtani wao harusini. Kisha wakaanza kulambana. Mmoja anapanda mgongo wa mwenzake, anamfuta, anamkwangua. Mzinga mzima ulikuwa unajipangusa. Na chini, juu ya bafta, vidoa vya rangi ya kahawa vikaanza kudondoka kwenye mafuta. Nilicheka peke yangu msituni kwa sauti kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya salfa.

Sitaki mtu adhani kila kitu kilikwenda vizuri. Sisimizi waliipenda ile sukari kuliko nyuki, ikabidi nipake grisi kwenye nyaya zote za kuning'inizia. Kundi moja dhaifu lilihama, likaniachia masega matupu, na nikabaki na makundi kumi. Na kulikuwa na ule mzinga mkali.

Mzinga mkali ulikuwa wa mwisho kuelekea bondeni. Nyuki wake walikuwa hawana adabu kabisa, wanakufuata hadi kwenye pikipiki. Siku moja niliufungua nikakuta vyumba vingi vya majana vimetobolewa, na chini mlangoni mabuu meupe yametupwa. Nikasema basi, hawa ndio wagonjwa kuliko wote, wanaoza. Nilikuwa nimeshaamua kuuvunja. Bahati nzuri nilikuwa nimeshaungua mara moja kwa haraka zangu, nikampigia simu bwana nyuki kwanza.

"Mama, mabuu yaliyotupwa, yaangalie. Yana utitiri?"

Nikaokota moja, nikaligeuza kwa sindano. Lilikuwa nao. La pili pia. La tatu pia.

"Usiuguse!" alipiga kelele. "Hao ndio unaowatafuta! Wanaunusa utitiri kupitia mfuniko, wanafungua, wanatupa buu na adui yake. Hao hawakuhitaji wewe wala mimi. Chukua mayai yao, wape mizinga mingine."

Nilifanya alivyosema. Kwenye mizinga minne iliyokuwa dhaifu niliwatafuta malkia nikawaondoa, na kwa hilo sikufurahi. Kila mzinga kati ya hiyo minne nikaupa sega lenye mayai kutoka mzinga mkali. Nyuki wasio na malkia hujitengenezea mwingine kwa mayai yaliyopo, na wiki zile ambazo hakuna malkia anayetaga hakuna majana mapya, na utitiri bila majana hauna pa kuzalia. Kwa hiyo nilipiga ndege wawili kwa jiwe moja, na watoto waliokuja baadaye walikuwa na ukali wa bibi yao. Mikono yangu inashuhudia.

Sasa nifike kwenye jambo la bafta.

Ilikuwa joto limeshapanda, mitondoro inatoa majani mapya mekundu na maua yake yananuka hadi barabarani, nyuki wanaingia mizingani miguu imejaa chavua. Vitambaa vyangu vilikuwa vinatoka na vidoa vichache sana, vinne, vitano, kimoja hakikuwa na hata kidoa. Nilikuwa njiani kuelekea Nambilanje nikiwa na furaha zangu, na kabla sijafika nilisikia shoka.

Nilizima pikipiki nikakimbia. Nilimkuta mjomba amesimama na wanaume wanne, na mtondoro mmoja ulikuwa umeshalala chini na maua yake yote, nyuki bado wanazunguka juu yake wasijue pa kwenda.

"Mjomba! Siku ya kurina bado!"

Hakunikasirikia. Hilo ndilo lililonichanganya. Alinishika bega kwa upole ambao sijauona kwake tangu mazishi ya mama. "Pole, mpwa wangu. Nimeona mwenyewe juzi nilipopita. Hukuwa na haja ya kuona haya, ungekuja tu kuniambia. Hata mie nilisoma inna lillahi."

"Umeona nini?"

"Sanda. Umewavika wote sanda."

Nilimtazama. Nikaitazama mizinga, kila mmoja na kipande chake cha bafta nyeupe chini, pindo limekunjwa vizuri kama ninavyowakunjia watu. Wanaume wale wanne walikuwa wamevua kofia. Walivua kofia kwa ajili ya nyuki! Na nyuki wenyewe walikuwa wanapita juu ya vichwa vyao vilivyo wazi, wanakwenda na kurudi, na hakuna aliyeinua macho, kwa sababu kila mtu wa kwetu akishaona bafta haulizi tena.

Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamtukana mjomba wangu, Mungu anisamehe, tusi dogo tu. Nikamvuta hadi kwenye mzinga wa karibu, nikafungua kitambaa, nikamwonyesha mafuta na vidoa, nikamwambia hivi ndivyo ninavyohesabu adui. Nikachukua mkono wake nikaubandika ubavuni mwa mzinga. Mbao zilikuwa za moto na zinatetemeka kwa mvumo.

Alikaa na mkono pale muda mrefu. "Wazima?"

"Wazima! Na umekata mti wao wenye maua!"

Aliutazama mtondoro ule chini. Mjomba si mtu wa kuomba radhi, na hakuomba. Aliwaambia wale wanaume warudi nyumbani. Ila alipofika kwenye njia aligeuka. "Mvumo si asali," alisema. "Siku ya kurina iko pale pale."

Wiki zilizofuata nilishona vibaya. Nilimpa mteja mmoja gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa najua nyuki wako hai, lakini kundi linaweza kuwa hai na lisiwe na asali ya kutosha mwenye nyumba na mgeni. Mjomba angekuta masega makavu angesema nilimzuia bure, na angekuwa na haki kwa sababu hayo ndiyo tuliyokubaliana. Nilikuwa naogopa, sina neno jingine.

Siku yenyewe tulikwenda baada ya alasiri, jua limepoa. Mjomba alikuja na wawili wa wale wanaume kama mashahidi, mikononi ndoo badala ya mashoka. Bwana nyuki naye alikuja kutoka Ruangwa, anasema asingekosa. Niliwapa wote mavazi ya kujikinga niliyoyashona mwenyewe. Mjomba alikataa lake. Alisema yeye ameingia misitu hii kabla mimi sijazaliwa.

Niliwasha bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki, nikafungua mzinga wa kwanza. Masega mawili tu ya pembeni yalikuwa na asali. Mengine yote majana.

Mjomba alikohoa.

Nikakata nusu sega, nikawaachia wenyewe lililobaki, nikafunga. Bwana nyuki alisema taratibu, "Endelea, mama." Nikaenda wa pili. Nilipotaka kuushusha, waya ulikuwa umekaza hivi kwamba sikuweza kuuinua peke yangu, ikabidi mashahidi waweke ndoo chini wanisaidie. Nikainua kiunzi cha kwanza, na sega lililofuata lilikuwa jeupe, limefunikwa nta mpya toka juu hadi chini, zito kama mtoto aliyelala. La pili vile vile. La tatu vile vile. Ndoo ya kwanza ilijaa kwenye mzinga ule ule. Wa tatu, wa nne, wa tano, yote ilikuwa na asali. Mashahidi wakaanza kuimba. Bwana nyuki alikuwa anacheza na vazi lake la nyuki, sura ya ajabu kabisa.

Tulipofika mzinga mkali nilimwonya mjomba asogee nyuma. Hakusogea. Wakamwona. Mzee wangu, mwenye mikorosho yote ile, alishika kanzu kiunoni akakimbia bondeni kwa mwendo ambao sikujua anao, anapiga kelele kwa Kimwera maneno ambayo sitayaandika. Aliporudi mdomo wa juu ulikuwa unafura. Nikamkatia kipande cha sega kutoka mzinga ule ule uliomwadhibu.

Alikitafuna polepole. Akatema nta kiganjani, akainusa. Akarudia kunusa.

"Haina harufu," alisema.

"Harufu ya nini, mjomba?"

"Ya salfa."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikishinda nitanyamaza, nitakuwa mtu mzima, nitamheshimu. Kiapo hicho sikukitimiza. Nilisema yote. Nilimkumbusha kuhusu unga wa njano, kuhusu nyuki niliowafuata nikala salfa, kuhusu inna lillahi aliyowasomea viumbe hai, kuhusu kofia zilizovuliwa. Nilimwambia mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Mashahidi walishika mbavu. Bwana nyuki alitazama pembeni kwa adabu.

Mjomba alisubiri, nta kiganjani. "Umemaliza?"

"Bado." Nikaongeza mawili. "Sasa nimemaliza."

"Haya. Niandameni."

Akatangulia. Alitupeleka hadi kona ya kipande kile, pale mikorosho yake inapokomea, akawaita mashahidi wasogee karibu. "Kuanzia hapa," alisema kwa sauti ile anayotumia kwenye vikao vya ukoo, "kwenda kule bondeni. Ni kwake. Si kuazima. Ni kwake, na kwa watoto wake wa kike." Akaanza kutembea mpaka, yeye mbele mimi nyuma yake, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akagusa mti kwa kiganja chenye asali, akarudia: "Huku kwake. Asikate mtu. Hata mie." Tulizunguka kote hivyo, na miti ilibaki imepakwa asali, na nyuki wakaanza kutua pale alipogusa.

Nikapiga vigelegele. Nilivipiga hadi koo likakauka, na mjomba, mdomo umefura, akaniambia nipunguze kelele, nisije nikawakimbiza nyuki wangu kutoka shambani kwangu.